Korosho Karibu na Mfalme

Mama yangu na mtani wake wanagombana juu ya chesi tangu kabla sijazaliwa. Nimekulia ndani ya ugomvi huo kama mtu aliyekulia jirani na mashine ya kusaga, maana baada ya muda husikii tena kelele. Mchezo wenyewe nilijifunza kidogo tu, kwa kulazimishwa, nikauacha. Mimi ni fundi wa cherehani, pale Newala, na sina subira ya kukaa nusu saa nikitazama kipande cha mti. Mtu akiniletea kitambaa nakata, nashona, namkabidhi. Hao wawili wanaweza kubishana wiki nzima juu ya farasi mmoja.

Wote ni walimu wastaafu. Walipangiwa shule moja Chilangala wakiwa vijana, mama Mmakonde wa Newala na mtani wake Myao wa Masasi, na kwa kuwa makabila yao ni watani, hawakuhitaji kutambulishwa. Mama anasema siku ya kwanza tu yule bwana aliingia ofisini, akakuta chai yake mezani, akainywa yote. Mtani ana ruhusa hiyo. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka, anaweza kuja kwenye msiba wako akajilaza kaburini akidai apewe kitu ndipo atoke. Ukimkasirikia, wewe ndiye huna adabu. Mwalimu mkuu wao aliwafundisha chesi jioni moja ya mvua, na tangu hapo utani wao wote ukahamia kwenye ubao.

Kaka mkubwa wa mama, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mchongaji. Aliwachongea seti mbili kutoka gogo moja la mpingo. Kete nyeusi zilitoka kwenye kiini cha gogo na nyeupe kwenye nyama ya nje, iliyo karibu na gome. Seti moja ikakaa Newala kwa mama, nyingine ikashuka Masasi kwa mtani. Miaka ikapita, kila seti ikapoteza kete moja nyeupe. Ya kwetu mdogo wangu aliitumbukiza kwenye moto wa jikoni akiwa mtoto. Ya mtani ilikuwa askofu, na haijulikani ilikokwenda. Mama anasema askofu yule alikimbia mwenyewe, alichoka kukaa kwenye nyumba ya Waislamu. Mchongaji alikuwa ameshafariki, na hakuna kati yao aliyekubali mkono mwingine uchonge badala yake. Basi wakaziba pengo kwa kitu ambacho kwetu hakikosekani. Kwenye seti zote mbili, mahali pa kete iliyopotea, pakakaa korosho isiyobanguliwa.

Walipozeeka na safari zikawa ngumu, wakaanza kutumiana mafumbo kwa simu. Mama anapanga kete kwenye ubao wake, anapiga picha, anaituma Masasi. Nyeupe wanaanza, mfunge mfalme mweusi kwa hatua mbili. Mtani akishindwa, anapiga simu na kutukana. Akiweza, anapiga simu na kutukana zaidi.

Fumbo ninalotaka kulisimulia mama alilituma asubuhi, kisha akafunga nyumba akashuka Masasi kwenye harusi. Huko huko homa ikampata. Alijikaza, akasema ni uchovu wa safari, na mdogo wake, mjomba wangu, alipokuja kushtuka mama alikuwa tayari hajitambui. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Wakamkimbiza hospitali, Mkomaindo. Mimi nilipigiwa simu nikiwa na sare za watoto wa shule mezani. Niliziacha hivyo hivyo, mikono bado haijaunganishwa, nikashuka.

Homa waliishinda. Nataka kulisema hilo wazi, maana watu wa wodi ile walihangaika na mama yangu kama wa kwao. Lakini homa ilipotoka, mama hakurudi. Alifungua macho, alikula uji ukimlisha, aligeuka ukimgeuza. Alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu mama yangu si mtu wa kutabasamu ovyo. Daktari, kijana mpole sana, alikuwa anamuuliza kila asubuhi leo ni siku gani, hapa ni wapi, huyu aliyekaa hapa ni nani. Mama anamtazama, anatabasamu, hajibu.

Na mimi aliniita Sista, kama muuguzi.

Inabidi nieleze uzito wa hilo. Mimi nilipewa jina la bibi, mama yake mzazi. Kwa hiyo toka nazaliwa hajawahi kunitaja kwa jina. Ananiita Mama. Hata akinichapa utotoni alikuwa ananiambia, Mama, leo utanitambua. Sasa namuosha uso, namfunga kanga vizuri, na yeye ananiambia kwa sauti ya upole, ile sauti ya kuongea na wageni: asante, Sista. Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye foleni ya bomba pamoja na watu wenye ndoo, na mimi ndoo sina. Nililia pale mpaka zamu yangu ikafika.

Daktari hakunificha. Alisema akili inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu, na kwa mtu wa umri wake hawezi kuapa. Tusubiri. Mimi na kusubiri, mnanijua.

Mjomba naye hakuweza kusubiri, ila yeye alikuwa na sababu. Kwetu mjomba ana sauti, na huyu ndiye aliyebaki. Alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, mama katikati anatabasamu, akanieleza alivyopanga. Dada yake hawezi kurudi kuishi peke yake Newala akiwa hivi. Mimi nina watoto na cherehani, nyumba yangu ni vyumba viwili. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, Jumamosi, atakuja na gari, amchukue kwake Masasi moja kwa moja, na ile nyumba ya Newala aiweke mpangaji, kwa sababu nyumba isiyo na mtu inaharibika. Aliniomba funguo.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nyumba ile mama aliijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, chumba baada ya chumba. Ana tangi lake la kuvunia maji ya mvua, analipenda kama mtoto, kiangazi watu wa Newala wanapotafuta maji usiku na mchana yeye ana maji yake na anajua nani kachota. Ana mikorosho yake nyuma. Kumtoa pale ni kumfunga. Lakini mtu asiyejua siku wala mahali, asiyemjua mwanawe, unamwachaje na jiko na moto? Nikamwambia mjomba kwamba funguo nitampa Jumamosi. Ilikuwa kwenye pindo la kanga niliyovaa, nimeifunga fundo mara mbili.

Jumamosi asubuhi, kabla mjomba hajafika, akaja mtani.

Alikuwa amekuja mara kadhaa mama alipokuwa hajitambui, anasimama mlangoni, anaondoka bila neno, na mtani asiye na neno ni jambo la kuogofya. Siku hiyo alikuja amevaa kanzu safi na kofia, kwapani amebana ubao, mkononi mfuko wa kete. Nikamwamkia, shikamoo Mwalimu. Akaitikia marahaba, halafu akamgeukia mama, na sauti yake ikabadilika kabisa. Akamuuliza kwa nini bado hajafa. Akasema ameshapima mikorosho yake kwa hatua, ameshachagua chumba atakacholala, na sasa anasumbuliwa kuja hospitali kila siku kwa ajili ya mtu asiyemaliza jambo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliziba mdomo kwa shuka. Mama akatabasamu.

Mtani aliliona lile tabasamu.

Akavuta stuli, akaweka ubao juu ya kitanda, pembeni ya miguu ya mama, akatoa simu yake na kunipa mimi niishike. Ilikuwa ile picha. Akasema huyu mama yako kabla ya kujilaza hapa alinitumia fumbo la uongo. Nimelitazama tangu siku ile, usingizi sina, halifunguki. Hata Mungu halifungui. Kisha akaanza kupanga kete zake akifuata picha, huku ananieleza kwa sauti kubwa, eti ananieleza mimi.

Mfalme mweusi alikuwa kwenye kona, mbele yake askari wake wawili, pembeni kidogo ngome yake. Malkia mweupe alikuwa mbali upande wa pili, lakini njia yake ya mshazari ilikuwa wazi inatazama nyumba ya ubao iliyo jirani na ile kona. Malkia mweusi naye alikuwa ameshuka mpaka karibu na mfalme mweupe, ameshika kisu. Na hapo, pembeni mwa mfalme mweusi, mbele ya mmoja wa askari wale, kwenye picha palionekana korosho. Mtani akatoa korosho yake mfukoni, akaiweka mahali pale pale.

"Sasa tazama," akaniambia. "Askofu huyu nikimla askari, mfalme anamla yeye. Malkia nikimsogeza jirani na kona, mfalme anamla na yeye, hana anayemlinda. Hatua mbili ziko wapi? Mmakonde amezeeka. Hilo fumbo ni bovu."

Mimi nikatikisa kichwa tu. Chesi yangu ni ya kuokoteza, na akili yangu ilikuwa barabarani, nasikiliza gari la mjomba. Nikamwambia Mwalimu, mwache apumzike. Aliendelea kumsogeza askofu wake huku na huku, anamrudisha, anamsogeza, na kila mara anarudia kwamba fumbo ni bovu, mwenye fumbo ni mbovu.

Mama aliacha kutabasamu.

Nilidhani anaumwa. Uso wake ulikunjamana katikati ya macho, na nikainuka nimwite muuguzi. Kabla sijatoka, mkono wake ulitoka kwenye shuka. Ukapita juu ya ubao, ukamkwepa malkia, ukaichukua korosho. Akaiinua, akaiweka nyumba mbili kando na moja juu, akaigonga ubaoni. Halafu akairudisha ilipokuwa.

Mtani akasema askofu haendi hivyo. Alisema taratibu, bila utani.

"Farasi," mama akasema.

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu aliyeamka. Mimi nilibaki nimesimama, mkono kwenye pazia.

Mtani akaitazama korosho. Akaitazama picha. Kisha akaweka viganja vyote viwili kichwani, juu ya kofia, na mimi pia nikaelewa, mimi niliyefagia sakafu chini ya ubao ule utotoni mwangu mwote. Kwenye seti ya mama kete iliyoungua jikoni ilikuwa farasi. Korosho ya Newala ni farasi, korosho ya Masasi ni askofu. Mwanamume mzima, mwalimu mstaafu, alikuwa amekesha siku zote zile akitafuta njia kwa kete ambayo haikuwepo kwenye fumbo. Na mwenye fumbo, amelala na macho yake wazi, alivumilia maswali ya daktari, alivumilia uji wangu, lakini hilo hakuweza kulivumilia.

Mtu mwingine angeishia hapo, angelia, angesujudu. Mtani alivuta stuli karibu zaidi. Akasema, sawa, kama ni farasi basi ni rahisi, hata mtoto anaweza. Farasi anaruka mbele ya ngome, mfalme anatishwa, ngome inamla farasi, malkia wangu anakuja anaila ngome. Nimetoa farasi nimepata ngome, biashara nzuri, mchezo nimeushinda polepole, sina haraka. Alizicheza hatua zile zote, akaegemea nyuma, akakunja mikono.

Nasema kweli, sikujua kama anamtega au anaamini. Mpaka leo nikimuuliza anasema anaamini, na kwamba njia yake ni ya watu waungwana.

Mama aliutazama ubao kwa muda mrefu. Niliona macho yake yakitembea, kona hadi kona. Kisha akamshika malkia mweusi, yule tuliyemsahau wote, akamshusha mstari wa mwisho, nyumba mbili kutoka kwa mfalme mweupe aliyebanwa nyuma ya askari wake mwenyewe.

"Umekufa," akamwambia. "Waungwana wenzako wakuzike."

Wodi nzima ilicheka. Yule wa kitanda cha pili alikuwa ameketi kabisa, shingo ndefu. Mtani akabisha, na hapo ukaanza ugomvi ninaoujua mimi. Yeye anasema angemzuia malkia yule, mama anasema kwa nini, kwa kofia? Anasema angerudisha hatua, mama anasema Chilangala pia alikuwa anarudisha hatua, ndiyo maana hata wanafunzi walimfunga. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, anapumzika, anatoa jingine. Lakini lilikuwa linafuata lililotangulia. Kila neno lilikuwa mahali pake. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikashika chuma cha kitanda na kuwasikiliza wakigombana. Sijawahi kusikia raha ya namna ile.

Kete zikarudishwa. Mama akamwonyesha. Malkia mweupe alipita mshazari wote mpaka jirani na mfalme, ndani kabisa ya kona, peke yake. Mtani akashangaa, unamtoa malkia bure? Mama akamwambia ale. Mfalme hawezi kumla kwa sababu korosho inalinda pale, kwa hiyo ngome ndiyo inalazimika. Mtani akala kwa ngome, roho inamuuma. Na sasa mfalme mweusi alikuwa na ngome yake ubavuni, askari wake wawili mbele, hana hata nyumba moja ya kuhamia. Mama akainua korosho, akairusha mbele ya nyumba ngome ilipotoka, ikatulia.

Hatua mbili.

"Nani kamuua?" mama akauliza. Mtani akasema farasi. Mama akatikisa kichwa juu ya mto. "Watu wake. Wamemzunguka wanamlinda mpaka hana pa kupita."

Niligeuka, nikamwona mjomba amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Funguo za gari alikuwa nazo mkononi na macho yake yalikuwa mekundu. Daktari naye alikuwa nyuma yake, amekuja kwa maswali yake ya kila asubuhi. Akasogea, akamuuliza mama leo ni siku gani. Mama akamjibu kwamba mtu aliyelazwa hana siku, ila kwa vile mdogo wake kaja na gari, basi itakuwa Jumamosi, kwa sababu alimsikia akiipanga hapa hapa juu ya kichwa chake. Kwamba alisikia mambo mengi, lakini yalikuwa yanapita mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya bonde, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwaitikia. Mjomba akatazama viatu vyake. Akasema, dada, sisi tuliogopa tu. Mama akasema anajua.

Daktari akaniuliza mimi kama mgonjwa ameanza kuwatambua watu. Mtani alikuwa amemjua, mdogo wake amemjua, mchezo ameujua hadi nyumba ya mwisho. Mimi nilikuwa bado niko sakafuni, na hofu ilinirudia upya, kwamba labda kila mtu amerudishiwa mama isipokuwa mimi.

Nilihisi mkono kichwani, kwenye nywele ambazo sikuzichana tangu nishuke. Akanigeuza uso, akanitazama vizuri, vile anavyotazama mshono wa mtu mwingine akitafuta kosa.

"Mama," akaniambia, "umekonda. Na funguo yangu iko wapi?"

Nilihangaika na lile fundo. Nililipiga mimi mwenyewe, mara mbili, na vidole vyangu vinavyotia uzi kwenye sindano bila miwani vilishindwa kulifungua. Ikabidi mtani achukue pindo la kanga na kulifungua kwa meno, huku anasema Wamakonde hata kufunga fundo hawajui. Mama akaipokea funguo, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akamuuliza mjomba kama gari lina mafuta ya kutosha kufika Newala.